Upepo wa Tairi la Nyuma

Keetmanshoop,
9 Septemba 2013

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lile halikusumbui tena unapoinuka asubuhi. Mbuzi wanaendeleaje? Yule mweupe mwenye sikio moja amezaa? Mimi sijambo. Upepo wa mwezi huu umetujazia mchanga hadi kwenye sufuria, lakini hilo huhitaji kuambiwa.

Mama, Jumamosi nilikwenda Aus, kwenye mashindano ya sarakasi za pikipiki. Najua utashangaa. Tangu tumzike Ruben sijataka hata kusikia mlio wa pikipiki, na nikimwona rafiki yake Willem Boois anakuja, huvuka barabara. Lakini safari hii Willem alinifuata shuleni, akanikuta nafagia ukumbi. Alisema anakwenda Aus na pikipiki ya Ruben, ile uliyompa baada ya maziko, na hataki kwenda bila mtu wa nyumbani kwetu. Nilikubali kwa sababu ambayo sikumwambia. Nilitaka kujua kama mimi ndiye niliyesababisha kifo cha mdogo wangu. Usishtuke, Mama. Soma mpaka mwisho. Naandika nikiwa nimetulia.

Tulisafiri kwa pikapu ya shangazi yake Willem, Katrina, ambaye huendesha huku akiongea na gari kama anaongea na ng'ombe. Mimi nilikaa nyuma na pikipiki, nikishikilia kamba. Katrina alifungua dirisha akaniambia niache kuikumbatia hivyo, watu watauliza harusi ni lini. Tulipopita Goageb mchanga ulikuwa umelala juu ya lami, akapunguza mwendo. Njia nzima nilikuwa nalitazama tangi, pale Ruben alipolibonyeza kwa nyundo ya Baba ili apate pa kukalia anapocheza. Unakumbuka ulivyomgombeza, ukamwuliza ni mtu gani anayeharibu kitu kizima ili kiwe kizuri? Kile kibonyeo bado kipo.

Mashindano yalikuwa kwenye uwanja wa zamani wa ndege, lami katikati na jangwa pande zote. Vijana wa Windhoek, wenye pikipiki zinazong'aa, walimwuliza Willem kama tangi lake lilipigwa teke na punda. Akawajibu kuwa ndiyo, na punda mwenyewe alitoka Windhoek. Walicheka, wakampisha kivulini.

Karibu na saa sita mchana Willem alinipa kipimo cha upepo, akaniomba nipunguze upepo wa tairi la nyuma kwa sababu jua lilikuwa limelifanya gumu. Nilishindwa kuinama. Nikamwuliza kwa nini lipunguzwe. Alinieleza kwamba mchezaji akinyanyua tairi la mbele na kusimama, lile la nyuma likiwa laini hushika chini vizuri. Likijaa sana hudunda kama mpira na kumtupa. Alieleza kwa wepesi, kama mtu anayeelekeza jinsi ya kuchemsha chai. Nikakaa chini palepale.

Mama, hili ndilo nililokuficha miaka miwili. Asubuhi ya ajali, Ruben akiwa bado anakunywa uji, niliona tairi lake la nyuma limelegea. Sikujua kuwa ndivyo walivyolitaka. Nilichukua pampu ya Baba nikalijaza mpaka likawa gumu kama jiwe, nikidhani namsaidia. Kifuniko cha valvu kilikuwa kimepotea, nikaweka kile cha shaba cha baiskeli ya Baba. Wiki moja baada ya maziko niliwasikia vijana wakisema tairi gumu huua. Tangu hapo kila tulipomlilia pamoja pale mezani, nilijiona mnafiki.

Nilimweleza Willem yote. Alicheka huku amefunika mdomo, na macho yakamjaa machozi.

"Kaka Efraim, tulikucheka asubuhi nzima," alisema. "Ruben alilibonyeza lile tairi akasema, huyu kaka yangu ukimwachia punda atamjaza upepo. Niliutoa mimi mwenyewe kabla hajapanda."

Nikamwambia asinidanganye kwa kunionea huruma. Ndipo alipotoa ufunguo wa pikipiki mfukoni. Kwenye uzi wake kilining'inia kifuniko cha shaba. Alisema alikitia mfukoni wakati anatoa upepo, akasahau kukirudisha, na baada ya maziko akakikuta kwenye ovaroli yake. Hakujua ni cha nani. Mama, kina alama ya meno ya Baba, pale alipozoea kukifungua kwa meno siku za baridi kali.

Kilichomwangusha Ruben ni mchanga, kama tulivyoambiwa. "Tulifagia lami mara mbili," Willem alisema. "Mara ya tatu Ruben alikataa kusubiri, na mimi sikumshika." Kumbe naye alikuwa na mzigo wake. Nilimshika bega.

Kisha niliinama nikapunguza upepo mpaka aliposema basi. Willem alipita mbele ya watu amesimama juu ya kiti, tairi la mbele liko hewani, mikono ameitandaza. Katrina alijifunika uso kwa kitambaa, akaniomba nimwambie ikiisha. Nilimwambia imeisha kabla haijaisha, akafunua, akanichapa nacho. Willem alishika nafasi ya nne. Nami nilikula mikate miwili iliyookwa juu ya makaa na nyama ya kondoo, nikaomba mwingine.

Nisamehe kwa kukunyamazia. Kifuniko nimekifunga ndani ya karatasi hii. Kiweke kwenye kopo la miwani ya Baba. Nisalimie majirani wote, na goti lipumzishe.

Jioni ukiwaita mbuzi, na jina la Ruben likikujia mdomoni, nikumbuke na mimi.

Mwanao,
Efraim