"Get" Zangu Zote na Mama wa Mlangoni

Ilomba, Mbeya

Zuhura mke wangu,

Nakusalimu wewe na baba yangu hapo Mlandege. Mimi mzima, ila situlii. Mvua haikatiki, nazunguka barazani kama kuku anayetaka kutaga.

Unakumbuka nilivyokuchosha na lile neno la Kiingereza, "get"? Kupata, kufika, kuamka, kuelewa, kuzeeka, hata kupanda basi, vyote hivyo neno moja. Leo kwenye mtihani wa ukalimani wa mahakamani, Bwana Shauri, msimamizi wetu, akaniagiza kwa neno hilohilo nimlete shahidi, mama wa Kinyakyusa aliyengoja nje. Nikaelewa palepale, nikaenda kumwita. Alipochungulia mlangoni tu, akajifunika uso kwa kanga, akakimbilia mvuani. Mimi nikazidi kumwita kwa ukali!

Mzee mmoja aliyekaa ndani akainuka na fimbo yake. "Wewe Mswahili wa wapi? Huyo mke wa mwanangu. Kwetu mkwe hanioni, simwoni. Atapitaje nami nimekaa hapa? Ungenitoa mimi kwanza." Mzee akatoka kwa mlango wa nyuma, ndipo mama akaingia, ameloa chapachapa. Bwana Shauri aliandika tu. Majibu kesho.

Zuhura, wewe na baba mkweo mnavyotaniana kutwa, nilidhani kila nyumba iko hivyo. Jioni ukimpelekea chai, usiondoke upesi. Kaa naye mpaka aimalize.

Mumeo,
Salum