Maelezo Kuhusu Vioo vya Makohozi Vilivyorudi Vikavu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake, kazini huitwa Mama Vioo
Umri: miaka 52
Kazi: usafi na uoshaji wa vioo, maabara ya hospitali
Makazi: chumba na sebule vya kupanga, nyuma ya hospitali, pamoja na mwanawe, mkwewe na mjukuu wa miezi mitano

Mimi nimesoma hadi darasa la saba na namcha Mungu. Nitasema nilichokiona kwa macho yangu.

Nimefanya kazi katika maabara hiyo miaka kumi na minne. Tuna hadubini tatu. Ile fupi ni ya kutazamia vitu vizima, kama chawa au mguu wa mbu. Kijidudu cha kifua kikuu haikioni. Ya pili ni ya mwanga wa kijani, inakaa chumba cha giza. Kioo kikipakwa dawa yake, wadudu wa kifua kikuu hung'aa kama cheche, na haihitaji mafuta. Balbu yake iliungua tarehe 20 mwezi uliopita, nami ndiye niliyeifunika kitambaa. Haijapata nyingine. Iliyobaki ni ya kawaida. Kuwaona wadudu hao kwa hadubini hiyo ni lazima utumie lenzi kubwa kuliko zote, na lenzi hiyo haioni mpaka kioo kidondoshewe tone la mafuta. Kazi yangu ni kuyafuta mafuta hayo kwa karatasi laini na kupanga vioo kwenye kasha, ili wakaguzi wakija wavirudie.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, Jumatatu, saa 2:20 asubuhi, nilipewa vioo vya wiki iliyopita. Nilifuta cha kwanza, karatasi ikabaki kavu. Cha pili vivyo hivyo. Nikadhani nimezeeka, vidole havitambui tena mafuta. Nikaendelea hadi cha sitini na nne. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na mafuta, na kitabuni vyote vimeandikwa "hakuna wadudu". Namba 41 ni ya mke wa mwanangu, ambaye anakohoa wiki ya sita sasa na ananyonyesha. Nikakaa juu ya ndoo.

Saa 4:00 nilimwendea mtaalamu wa maabara.

"Kijana, mbona vioo hivi havina mafuta?"

"Mama Vioo, siku hizi umesomea udaktari?" Alicheka. "Wewe osha, kutazama niachie mimi."

"Umetazama nini, na mafuta hukutia?"

Akaacha kucheka, akafunga mlango. Aliniambia macho yake yana ukungu tangu mwaka jana, na akisema ataachishwa kazi. Kisha akasema, "Ukiulizwa, sema tulisomea ile ya kijani." Nikamjibu kwamba ile ni kipofu kuliko yeye.

"Basi tutaanguka wote," akasema. "Vioo vimepita mikononi mwako. Nani ataamini si wewe uliyeyafuta mafuta?"

Nilirudi nyumbani na sikusema. Nilimbeba mjukuu muda wote. Mkwe wangu akaniuliza, "Mama, mtoto ana njaa, mbona unamficha?" Nilisogeza kitanda cha mtoto dirishani, nikasingizia joto. Jumanne sikusema. Jumatano nilifunga, nikamwomba Mungu amtume mtu mwingine. Hakumtuma. Alhamisi nilisikia viatu vya mtaalamu kwenye korido nikajifungia stoo ya mafagio, mtu mzima na umri wangu.

Leo tarehe 13, saa 1:30 asubuhi, nimelitoa kasha kabatini, nikalitia kwenye ndoo ya deki na kulifunika matambara. Getini nilikutana na mtaalamu. Akanisalimu, nikaitikia. Vioo vilikuwa vinagongana ndani ya ndoo. Sijui kama alisikia.

Sijui pia kama nilichofanya ni wizi. Kama ni wizi, niandikeni. Ila vioo visomwe leo na mtu mwenye macho, na cha namba 41 kisomwe kwanza.

Hayo ndiyo niliyoyashuhudia, na hakuna aliyenilazimisha kuyasema.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akayakubali. Kasha moja lenye vioo 64 limepokelewa saa 3:10 asubuhi. Kabla ya kutia sahihi, shahidi aliomba niongeze jambo ambalo alishindwa kulitamka mwanzoni: mtoto ameanza kukohoa tangu jana.