Daftari Safi Ulilolitaka

S.L.P. 213,
Makambako,
Njombe.
14 Julai 2025.

Mpendwa mdogo wangu Benno,

Kamwene. Nimeandika "mpendwa" kwa sababu barua huanza hivyo, si kwamba hasira zimepoa. Habari za Mwanza? Mkeo Oktavia na watoto hawajambo? Sisi tunaendelea. Baridi ya mwezi huu inakata masikio, mama huko Uwemba anakohoa kidogo, na mimi nina afya ya kutosha kukugombeza.

Simu zako nimeziona, zote kumi na moja. Sipokei. Kwenye simu utanikatiza na maneno yako ya kihandisi, lakini barua utaisoma mpaka mwisho.

Unajua mwanangu Lidia na wenzake wawili, Jacob akiwa mmoja wao, walitengeneza roboti ya kuchambua viazi, vikubwa huku, vidogo kule. Shuleni kwao mashindano ni mepesi: kitu kitembee, walimu wapige makofi. Wilayani roboti inapimwa mezani mara tatu, saa inahesabu, na hakuna ruhusa ya kuigusa. Huko kote walipita kwa jasho lao. Wewe hukuwepo, wala hukuhitajika.

Hapo ndipo ulipojitia ujuaji. Ulisema mkoani waamuzi wanadai daftari la kazi, na la Lidia ni aibu kwa ukoo. Kweli lilijaa udongo na mistari iliyokatwa. "Jaribio la tisa: imebeba jiwe. Jaribio la kumi na nne: mota imeungua, Jacob amelia." Ukaniambia, "Dada, andika upya lote, weka yaliyofaulu tu." Nami niliyesoma enzi za kuchapwa kwa daftari chafu nikakuamini. Lidia alikataa. Nikamuuliza, mjomba wako ni mhandisi, wewe ni nani? Alipokuwa shule nikaliandika kwa kalamu ya bluu na rula, siku mbili nzima. Lile la zamani nikawashia jiko bila kumwambia.

Sasa sikia yaliyotokea Njombe mjini. Mkoani hawaangalii roboti peke yake. Wanafunzi huitwa ndani bila mwalimu wala mzazi, na kuhojiwa juu ya daftari lao. Mwamuzi mmoja, mama wa makamo, alilifungua akauliza, "Makosa yako wapi? Roboti gani haijawahi kukosea?" Akamwambia Lidia aandike jina lake pembeni, akalinganisha mwandiko. Mtoto hakudanganya. Alisema ameandika mama, kwa maagizo ya mjomba. Akaomba atoke akalete la kwanza. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi, na ni mimi niliyemwambia, mbele ya wenzake, kwamba limeteketea.

Wakaondolewa. Roboti yao ilipanga viazi bila kosa hata moja, na wakaondolewa. Waliokwenda Mbeya kwenye kanda ni watoto ambao roboti yao ilidondoka mezani, ila kila kosa lao walikuwa wameliandika. Kutoka kanda ndipo unapofika Dodoma, taifani, alikokuwa akiota kufika Lidia tangu kidato cha kwanza. Mwakani atakuwa kidato cha nne, na wa kidato cha nne hawaruhusiwi kushindana. Kwa hiyo kwake imekwisha, Benno.

Nina hasira nawe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu. Ulitaka picha ya kuwaringia wenzako kazini. Usiniambie habari za nia njema, maana mwenye kazi yake hukumuuliza lolote. Na mimi najichukia, kwa sababu mkono ulioandika ni wangu. Siku ya kumi leo mtoto ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Msalimie Oktavia, na Rejoice na Alois wadogo. Mama anakusalimu, hajui lolote, na utamweleza mwenyewe. Mungu akulinde katika safari zako, akujalie pia kunyamaza usipoulizwa.

Lidia hajakutumia salamu. Jana ameanza daftari jipya, la kuwaachia wa kidato cha pili watakaoshindana mwakani. Alipokwenda kuteka maji nimechungulia ukurasa wa kwanza, na nakunukulia neno kwa neno:

"Jaribio la kwanza: tuliwaachia watu wazima. Matokeo: tumeshindwa. Marekebisho: wasiguse."

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado na nisiyetaka kukuona kwa sasa,

Vestina