Kile Chuma Bado Kimo Kwenye Boksi

Jumapili, Oktoba 2007. Nachingwea.

Saa nane mchana. Jua linachoma, upepo hakuna, vumbi limening'inia tu barabarani. Nimetoka misa nikaja moja kwa moja hapa kwenye kompyuta za kulipia, wakati napaswa kuwa njiani kwenda Ruponda. Nimesimama mara mbili, nimekaa mara mbili.

Niandike haraka kabla sijasimama tena.

Mwezi uliopita niliandika humu kwenye shajara yangu ya mtandaoni kuhusu spesa, kile chuma alichonitumia kaka yangu kutoka Dar. Kwa ambaye hakusoma: ni pete nene ya alumini yenye mifereji ndani, inafungwa nyuma ya troto, ule mdomo unaoingiza hewa kwenye injini. Kwenye boksi wanaahidi kwamba hewa ikipita hapo inazunguka, inachanganyika vizuri na petroli, na gari linapata nguvu. Nikaandika kwamba ni kweli kabisa, nimejaribu mwenyewe. Gari langu, lililokuwa likikohoa kwenye kilima cha kwenda Ruangwa, lilipanda kwa gia ya tatu huku naimba peke yangu.

Na sikuishia kuandika. Mimi ni mwalimu wa fizikia, kukaa kimya ni kazi ngumu kwangu. Ofisi nzima ya walimu nimeichorea mishale ya hewa ubaoni.

Aliyenisikiliza kuliko wote ni Mama Zuhura wa Ruponda. Ni mjane, mfanyabiashara wa mbaazi, na pikapu yake ya dizeli anaiendesha mwenyewe. Nilipopangiwa kazi huku nikiwa simjui mtu, yeye ndiye aliyenipa chumba na kunipikia mpaka mshahara wa kwanza ulipotoka. Pikapu yake inahema kilimani kuliko gari langu lilivyokuwa. Alikuwa anajiandaa kubadilisha pedi za breki, lakini baada ya kunisikia akaahirisha, pesa ile iende kwenye spesa. Akaniomba nimwagizie spesa kwa kaka.

"Breki nitakanyaga mara mbilimbili, mwanangu," aliniambia. "Kinachonitesa ni mlima."

Nikacheka. Nikamwagizia.

Jana nilipeleka tairi kuzibwa pancha kwa fundi Ismaili, yule yule niliyemwachia gari anifungie ile spesa. Wakati anahangaika na tairi, macho yangu yakapanda kwenye shelfu. Pale, kati ya kopo la grisi na redio mbovu, lilikuwa boksi lenye mwandiko wa kaka yangu. Nikalifunua: spesa bado imo ndani ya nailoni yake.

Nikalishusha, nikamwonyesha Ismaili.

Lazima nieleze kwamba mimi na Ismaili ni watani. Yeye Mmwera, mimi Mngoni, na hatujawahi kusalimiana bila kutukanana. Siku ile ananikabidhi funguo alisema, "Chuma chako sijafunga, we Mngoni. Nimempa bibi yangu akakalishie chungu. Gari nimeliosha pua tu." Nami nikamjibu kwamba bibi yake angekiuza kabla ya chungu kuchemka, tukacheka, nikawasha gari nikaondoka zangu.

Kumbe alikuwa ananiambia ukweli. Ukitoa bibi na chungu, kila neno lilikuwa kweli. Bolti zilizokuja na spesa zilikuwa fupi, akawa ananisubiri nirudi na nyingine. Ila alipofungua eya klina, lile chujio la hewa, aliikuta imejaa udongo mwekundu kiasi cha kupanda mchicha. Akaibadilisha, akaosha troto kwa petroli, basi. Kilichopandisha gari kilimani ni pumzi yake lenyewe, ambayo vumbi la barabara hii lilikuwa limeiziba.

"Si nilikwambia?" akasema.

"Nilidhani utani."

"Utani, ndiyo. Lakini na kweli ilikuwemo."

Kila mwaka nawaandikia Kidato cha Pili ubaoni kwamba kwenye jaribio unabadilisha kitu kimoja tu, vingine unaviacha kama vilivyo. Anayebadilisha viwili namkata alama. Mimi sikuhakikisha hata kama hicho kimoja kimebadilishwa.

Na kuna baya zaidi. Gari langu halina kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa pale pale kwenye troto. Petroli inarushwa na nozeli kule mbele karibu na valvu, kwa hiyo hewa ikizungushwa nyuma kwenye troto inazunguka peke yake, petroli bado haijafika. Hilo nililifikiria tangu siku ya kwanza. Nikalisukuma pembeni kwa sababu nilikuwa na zawadi ya kaka na kilima kilikuwa kimepandika.

Je, spesa inaongeza nguvu? Sijui. Nina mashaka makubwa, lakini sijui, kwa sababu sijawahi kuifunga.

Nikamuuliza Ismaili kama itasaidia kwenye pikapu ya dizeli. Alicheka mpaka akakalia tairi langu. Akasema pikapu kama hizo hazina hata troto, labda mwenyewe aivae kama bangili. Kisha akauliza ni ya nani. Nilipotaja jina la Mama Zuhura aliacha kucheka.

"Pedi zake nimezitazama mimi," akasema. "Zimekwisha, Mwalimu. Ni chuma kwa chuma. Nilimwambia asibebe mzigo mpaka abadilishe."

Kesho alfajiri anapeleka mbaazi Ruangwa. Pikapu itajaa. Atapanda kile kilima akihema, halafu atashuka upande wa pili, na sote tunaijua ile kona ya chini.

Hapa ndipo ninapoona haya kuandika. Jana hiyo hiyo niliwasha gari kwenda kumwambia. Nilifika njia panda ya Ruponda nikasimama, nikaanza kupanga maneno, kila nilivyoyapanga nikaonekana mjinga. Nikageuza. Leo asubuhi nimempigia, hapatikani, kwao mtandao ni wa kubahatisha. Unajua nilihisi nini simu iliposema hapatikani? Nafuu. Nilihisi nafuu.

Na kwenye misa, badala ya kusali, nilikuwa nawaza Ismaili anifungie spesa leo leo. Ili niwe nimejaribu kweli. Ili uongo wangu upate miguu kabla mtu hajauliza. Mwanamke aliyenilisha anapakia magunia, mimi nahangaikia jina langu.

Ile makala ya mwezi uliopita nilitaka kuifuta sasa hivi. Nimeiacha. Juu yake nimeongeza mstari mmoja: "Si kweli. Sikujaribu."

Honi inalia nje. Ni Ismaili, amekaa kwenye gari langu. Nilimpigia kabla sijaanza kuandika, kwa sababu najijua, peke yangu ningegeuza tena njia panda. Amebeba spana, jeki na pedi alizozitoa kwenye pikapu nyingine, kwenye simu alisema bado zina uhai wa kutosha kumfikisha Ruangwa na kumrudisha. Anapiga honi kama mtu aliyekuja kuchukua bibi harusi.

Wengine humaliza shajara kwa kujipa moyo na kesho. Mimi kesho ndiyo inayonitia hofu, na bado nina mchana wote huu wa leo. Maneno ya kumwambia sijayapata mazuri, nina haya tu: Mama, nilikudanganya bila kujua, kisha nikajua, na nikalala.

Hilo la kulala ndilo litakalomuuma. Nitaanza nalo.