Shikamoo Ambayo Bibi Hakuiitikia

Kwa Dobi wa Kona,
Chumba cha nyuma,
Jumapili jioni.

Mpendwa mwanangu, Mama Maswali,

Pokea salamu nyingi kuliko povu la sabuni zangu. Hujambo lakini? Kile kikohozi kimekuacha? Mama yako mdogo ananiambia unakula vizuri na masomo yanakwenda, ila yeye hata ukiwa na homa atasema hujambo, kwa hiyo niandikie mwenyewe. Sisi huku wazima. Bibi analalamikia magoti, na nadhani magoti nayo yanamlalamikia yeye, maana hatulii.

Paka wako kazaa tena, safari hii juu ya mashuka ya mteja. Nimeyafua mara mbili na mwenyewe sijamwambia.

Sasa nikueleze lile ambalo hukuliuliza katika barua yako. Wewe uliyekuwa ukitusumbua kwa nini kuku hana meno, ukiliacha swali, basi swali lenyewe ni zito. Kesi bado ipo, mwanangu.

Nilipokuwa nikisikia redioni kwamba aliye chini ya miaka kumi na minane ni mtoto, na kwamba mtu mzima hawezi kujitetea kwa kusema "alikubali", nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe sheria haitembei yenyewe, lazima mtu aisukume. Mara hakimu yuko likizo, mara wakili wa Bwana Chaji anaumwa, mara daktari kahamishwa, mara faili halionekani. Wanatupiga danadana wakingoja tuchoke. Kila tarehe nafunga duka, nakwenda kukaa benchi la nyuma ili waone kwamba una watu. Karani kanibandika jina, ananiita Mama Ahirisho. Nimelipokea, nitafanyaje?

Bwana Chaji yuko nje kwa dhamana, anatengeneza simu palepale, na watu wanampelekea. Siku ya kwanza alikuja mahakamani kavaa shati nililolipiga pasi mimi mwenyewe, kabla hatujajua lolote. Nililitambua kwa mkunjo wa mkono. Nililia kwa hasira. Tangu hapo nguo zake zikiletwa zinarudi na uchafu wake.

Watu wake walimwendea baba yako mkubwa kwa maneno laini, wakitaka yaishe kifamilia. Naye, unamjua kwa upole, akaja kwangu: "Dada, tufunike kombe mwanaharamu apite. Mtoto atachekwa." Nikamwambia, "Kaka, mwanaharamu huyu hapiti. Tukimfunikia kombe anahamia mtaa wa pili, kwa mtoto wa mwenzetu." Akaenda zake, lakini hakuwakatalia wale watu. Nilijua anangoja neno la Bibi, na Bibi ndiye aliyekufungia mizigo akisema ukiwa mbali watu watasahau.

Basi tarehe iliyopita Bibi akasema anataka kuona huko ninakoshinda. Tukakaa kwenye korido ya mahakama. Bwana Chaji akatokea, akainama mbele yake: "Shikamoo, Bibi." Wewe unamjua bibi yako. Hata yule kijana aliyetuibia redio, alipomwamkia sokoni, alipata marahaba yake. Siku hiyo alimtazama tu. Yule bwana akarudia kwa sauti, korido nzima ikageuka, karani akasimama na mafaili yake mkononi. Bibi kimya. Jamaa akabaki kainama, hajui ainuke vipi.

Njiani Bibi aliniambia, "Tulimwondoa asiyestahili kuondolewa." Alilia, mwanangu, nami nikalia naye. Jioni ile baba yako mkubwa aliwapelekea ujumbe wale watu kwamba kwake hakuna kikao.

Tarehe ijayo ni Jumatano ya mwisho ya mwezi ujao. Mwendesha mashtaka, mama mmoja mkali lakini mkweli, kaniambia kwamba usipokuja wewe mwenyewe, kesi itaondolewa. Watu wote watatolewa nje, kutakuwa na pazia kati yako na Bwana Chaji, nami nitaruhusiwa kukaa karibu. Wakili wake atakuuliza maswali mabaya, hilo sikufichi. Na hata ukisema yote, hakuna ajuaye hakimu ataamuaje.

Mimi natamani uje. Nikisema sina upande nitakuwa mwongo. Lakini wewe hudaiwi kitu na mtu yeyote, wala mimi. Ulikuwa mtoto, yeye alikuwa mtu mzima, na hilo litabaki kweli uje usije.

Jumanne ya kuamkia siku hiyo nitakuwa stendi tangu asubuhi, na Bibi kasema atakuja na magoti yake hayohayo. Usiposhuka tutarudi zetu nyumbani pole pole, na tutakupenda vilevile.

Baba yako mkubwa anakusalimu. Anaona haya kukuandikia, basi mwanzie wewe. Nisalimie sana mama yako mdogo na mumewe. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, akupe moyo mwepesi.

Bibi yuko hapa pembeni, ananiharakisha niandike neno lake. Anasema ile marahaba aliyomnyima yule bwana kakuwekea wewe.

Wako akupendaye, pasi mkononi,
Shangazi