Mambo ya Kufanya Ukija Wundanyi

Wundanyi,
14 Januari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Natumai hujambo, goti limetulia na mahamri yanaisha kabla ya saa nne kama kawaida. Sisi ni wazima, mimi na Johnstone, na huyo wa tatu tunayemngoja, ambaye ameanza kunipiga mateke kila nikikaa kula.

Na masikio je? Jirani yako Shutu ameniambia kwamba siku hizi hata mtu akikuita mlangoni hugeuki. Ndiyo sababu nimenunua karatasi. Simu haitufai tena. Mimi napiga kelele huku mpaka majirani wanatoka nje, nawe unajibu "sawa, sawa" kwa neno ambalo hukulisikia. Barua nitazituma kwa ofisi ya mizigo ya basi, Shutu atakuchukulia akienda Ukunda.

Mama, njoo. Unakumbuka nilipokuwa nikifua mashuka hotelini Diani? Kila mgeni alikuta kitandani karatasi ya mambo ya kufanya: leo pomboo, kesho ngamia. Sasa wewe ndiye mgeni wangu, nami nakuandikia yako. Siku ya kwanza hutafanya lolote. Utakaa jikoni karibu na moto, umevaa sweta yangu ya kijani, na Johnstone atakupikia kimanga, maharage na muhogo vilivyopondwa pamoja. Tangu aache upishi wa hotelini hajapata mtu wa kumringia. Siku ya soko tutakwenda mjini. Ni mji mdogo, ukipiga chafya stendi, watu wa sokoni wanakwambia afya. Kuna mapea ya kushika kwa mikono miwili. Kisha tutakwenda kijitoni utie miguu, maji ni baridi mpaka meno yanauma.

Na ng'ambo ya bonde letu kuna jabali. Ukisimama huku ukaita jina la mtu, linaitika. Nimeliitia jina lako mara nyingi. Linajibu vizuri kuliko wewe kwenye simu.

Mtoto tunamtarajia mwezi wa sita. Ingekuwa kawaida ningekuja kujifungulia kwako, lakini hospitali hawataki nishuke na kona za barabara hii. Kwa hivyo safari hii mama ndiye amfuate mwana. Njoo unioneshe namna ya kumshika.

Mwanao,
Rispah

Msambweni,
6 Februari 2024

Mwanangu Rispah,

Marahaba, mama, marahaba. Barua yako imenifikia ikinuka moshi, nikajua kweli imetoka jikoni kwako. Mimi sijambo. Goti ni lile lile. Msalimie mkwe wangu na huyo anayepiga mateke, mwambie bibi yake pia alikuwa na miguu.

Karatasi yako ya mambo ya kufanya nimeisoma kwa miwani ya Shutu mpaka ameidai. Lakini wewe mtoto una vituko. Mimi kiziwi nipelekwe kwenye jabali linaloitika? Nitasimama pale nimekodoa macho tu kama mbuzi aliyeona gari.

Kuja nitakuja. Ila sasa kuku wawili wanaatamia, na wanaouguza wagonjwa wao hapa hospitalini wamezoea mahamri yangu na mbaazi, nikiwaacha watashinda na njaa. Na hiyo baridi yenu inaingia magotini. Tuone mwezi ujao.

Mamako,
Kahaso

Wundanyi,
10 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Hujambo, na kuku hawajambo? Natumai vifaranga wamekwisha kutotolewa, maana ndio walioniponza.

Huku ni baridi na ukungu. Asubuhi ukifungua mlango, ukungu unaingia ndani kabla ya mtu kuukaribisha. Nimepata mengine ya kukuonesha. Kuna pango ambamo watu wa kale wa huku walikuwa wakiweka mafuvu ya wazee wao, yamepangwa vizuri yakitazama nje. Haliendewi bila mzee wa ukoo, lakini babu yake Johnstone amekubali kutupeleka tukaangalie kwa mbali. Najua utasema hukupanda mlima wote huo kuja kusalimia wafu. Lile jabali nalo usilitilie shaka. Wewe utaita, mimi nitakuwa kando yako, nikwambie kama limeitika.

Sasa Mama, nikuulize kwa heshima. Goti halikukuzuia kwenda Kinango kwenye harusi mwezi wa kumi na mbili, na Shutu ameniambia ulicheza. Ameniambia pia kwamba mwezi huu ulifunga mzigo, ukakaa juu ya kitanda, ukaufungua. Kuna jambo. Je, ni Johnstone? Ni kwa kuwa ametoka mbali? Niambie tu. Nikiwa peke yangu hapa nawaza mengi, na mengine si mazuri.

Mwanao,
Rispah

Msambweni,
2 Aprili 2024

Mwanangu,

Natumai u mzima wewe na mzigo wako. Mimi mwili ni mzima. Huyo Shutu ana mdomo, nitamnyima mbaazi.

Haya, umenichokonoa, nami nitasema. Mahari yako ilipoletwa, mjomba wako Menza alipokea mbuzi, na kilemba cha marehemu babako kikapokewa kwa niaba yake. Mimi nilikaa ndani na wanawake wenzangu nikingoja mkaja wangu. Unajua mkaja, Rispah. Ni leso anayoletewa mama ajifunge kiuno, kile kiuno kilichokubeba. Nilingoja. Wageni wakala, wakaaga, wakaenda zao. Leso haikuja.

Nikasema labda kijana amesahau, ataleta. Huu ni mwaka wa pili. Mama asiyeletewa mkaja haendi kwa mkwewe. Akienda, watu watasema amemtupa binti njiani na sasa anafuata kula huko huko. Na si jambo la kumwambia mkwe mdomoni, ni yeye kulijua. Nilimngoja alijue.

Si leso yenyewe, leso ninazo sanduku zima. Ni kwamba nilikubeba wewe mmoja tu. Nilitaka mtu aseme amekiona hicho kiuno. Nimelia kwa hilo zaidi ya mara moja na nikaona haya kukuandikia.

Mamako,
Kahaso

Wundanyi,
28 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui nianze kwa kucheka au kwa kulia.

Barua yako nilimsomea Johnstone jikoni. Aliacha mwiko ndani ya sufuria. Akasema, "Lakini mama nilimpa blanketi."

Mama, lile blanketi! Lile la maua mekundu, ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu. Kwao nyumbani ndilo la mama wa binti, na alikwenda kulichagua yeye mwenyewe, zito kupita yote. Amekaa mwaka wa pili akijiuliza amekosa nini hata mama mkwe hakutuma neno la asante. Naye aliona haya kuniuliza. Wewe unangoja leso huko, yeye anangoja asante huku, na mimi katikati nawaandikia habari za jabali.

Amesema hatabishana na mila za kwenu. Mvua ikipungua atashuka Voi kununua leso, aje Msambweni akuletee kwa mkono wake.

Lakini Mama, usingoje. Miguu imevimba, viatu havinitoshi. Kichwa kinaniuma na mara nyingine naona vimulimuli. Hospitali wamesema ni presha, nipumzike, na nisikae peke yangu. Johnstone akienda shambani nabaki na kuta. Njoo sasa. Atakupa leso huku huku, mlangoni, kabla hujakanyaga ndani, mbele ya jirani umtakaye. Naogopa, Mama. Nakuomba.

Mwanao,
Rispah

Msambweni,
13 Mei 2024

Mwanangu Rispah,

Pole sana, mama. Inua miguu juu ya mto, punguza chumvi, lala ubavu wa kushoto. Mimi nilipokubeba wewe nilivimba hivyo hivyo, na tazama ulivyotoka mzuri.

Blanketi nimelitoa mvunguni. Nilicheka peke yangu mpaka Shutu akaja kuangalia kuna nini. Nilidhani ni takrima tu ya watu wa baridi, nikasema huyu kijana amelipima joto la Msambweni kwa kipimo gani? Sikulifungua hata zipu. Mwambie mkwe wangu nimemkosea, na asante yake hii naituma imechelewa.

Ila jambo limekwisha kufika kwa Menza na wanawake waliokaa nami siku ile. Wanasema blanketi ni blanketi na mkaja ni mkaja. Kwa kuwa amekubali mwenyewe, basi ailete hapa, wenzangu waione, wanyamaze. Ni safari ya siku moja. Siku atakayoniletea ndiyo siku nitakayopanda gari naye, turudi wote. Mfuko nimeshaufunga na safari hii siufungui. Mwezi wa sita bado uko mbele, usiogope.

Mamako,
Kahaso

Wundanyi,
30 Juni 2024

Mwanangu Rispah,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na mimi nimekaa hapa na kalamu nisijue nikuulize nini.

Niko nyumbani kwako. Shutu ndiye aliyepigiwa simu. Unajua kila habari yangu mimi hupigiwa kelele, majirani wote wanaisikia kabla yangu. Hii hakuweza kuipigia kelele. Alikuja mpaka kwenye karai la mahamri, akazima jiko, akanishika mikono yote miwili. Nikaisoma usoni mwake.

Siku ile Johnstone alikuwa amekwenda Voi. Mvua ilikuwa imepungua, naye alitaka kurudi, alale, kesho yake aje kwangu. Jirani alikukuta umeanguka jikoni. Pale hospitalini walimtoa mtoto akiwa hai, na kwako wakafanya walichoweza. Johnstone alifika jioni na leso kwapani, imefungwa kwa gazeti. Alikuwa Voi, Rispah. Alikuwa akinichagulia rangi.

Nilitaka wenzangu waione. Wameiona. Walikuja wote kwenye maziko yako, na pale kando ya kaburi mkwe wangu akapiga magoti matopeni akanipa kwa mikono miwili, mbele ya watu, kama nilivyotaka. Menza alitazama chini. Mimi niliipokea. Ningefanya nini? Ningeikataa?

Hajanilaumu. Analala jikoni kwa heshima yangu, mimi na mtoto ametuachia nyumba. Kila asubuhi ananiamkia na kuniletea chai, kisha anatoka. Afadhali angenilaumu. Mimi nimejilaumu mpaka nimechoka, na nikipumzika kidogo naanza tena. Uliniandikia "naogopa", nami nikakujibu habari za chumvi.

Mwanao ni msichana. Johnstone amempa jina langu. Nilikataa kwa kichwa, akaniandikia kwenye karatasi kwamba ndivyo ulivyosema. Ana paji lako la uso na hasira zako. Kilio chake sikisikii, kwa hivyo simlazi chini mchana kutwa. Namfunga mgongoni kwa ile leso, juu yake natupa blanketi la maua mekundu, na akilia nasikia kwa mbavu. Nitakaa naye mpaka akaze shingo, halafu tutaona. Baridi ya huku ni kweli. Johnstone alijua alichokuwa akikinunua.

Mambo yako nimeyafanya. Siku ya kwanza baada ya watu kuondoka nilikaa jikoni na sweta yako ya kijani. Ina nywele zako mbili kwenye kola, sijaziondoa. Kimanga nilipikiwa. Alikitia chumvi nyingi, nadhani hakuwa akiangalia, na nilikila chote. Siku ya soko nilikwenda mjini. Ni kweli ni mji mdogo, kabla sijafika kwenye mapea, wanawake sita wasionijua walikuwa wamenishika mkono. Kijitoni nilitia miguu mpaka meno yakauma. Nilikusubiri unicheke. Pangoni sikwenda. Babu yake alikuja kunichukua na fimbo yake, nikamwambia wafu wangu wananitosha.

Lililobaki lilikuwa jabali. Nimelikwepa hizi wiki zote. Leo ukungu uliondoka mapema nikaliona lote, nikatoka na mtoto mgongoni nikasimama pale ulipokuwa ukisimama, penye nyasi zilizolala. Nikaita. Nilianza kwa sauti ndogo kwa kuona haya, kisha nikaita kwa nguvu zangu zote, Rispah, Rispah, kama nilivyokuwa nikikuita urudi ndani kula.

Sikusikia kitu. Nilitazama kando kukuuliza kama limeitika. Mtoto alishtuka mgongoni, lakini huenda ni sauti yangu tu.

Mamako,
Kahaso