Nimerudi Kutoka Jeshini, Funguo Anazo Shemeji

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Yamenifika shingoni, ndiyo maana nakuandikia. Mimi ni mwendesha mitambo ya maji, mwajiriwa wa serikali, na mwaka jana niliitwa jeshi la akiba kwenda kulinda mpaka, sasa kabla ya kuondoka nikamwombea shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anishikie nafasi, nikamfundisha mwenyewe kuisikiliza pampu, maana pampu kabla ya kuharibika hubadilisha mlio na asiyeusikia ataulaza mji mzima bila maji, basi nimerudi, bosi ananiambia, "Pumzika kwanza, mzee, haraka ya nini?", shemeji funguo za chumba cha mitambo kazitia mfukoni na ananikwepa, nami kila asubuhi nakaa kwenye benchi nje ya ofisi kama mtu aliyekuja kuomba kibarua, mke wangu naye anasema, "Mwachie mwenzio, ana watoto wadogo, wewe utapata kingine," nikinyamaza anasema nimerudi na kiburi cha jeshini, ananisemesha kitandani simjibu, na kweli simsikii, sikio la kushoto lilikufa siku bomu lilipoanguka karibu na handaki letu, ila hilo sijamwambia mtu, hata daktari wa jeshi nilimwambia niko salama ili nirudi haraka. Nimwachie shemeji, au niidai kazi yangu na nyumba ivunjike?

Mwendesha Mitambo

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na uipokee pole hiyo kabla sijaanza kukugombeza.

Kuhusu kazi, sheria iko upande wako. Mtumishi wa umma akiitwa jeshi la akiba, nafasi yake hushikiwa tu, haigawiwi. Shemeji yako alijua anakalia kiti cha mtu. Watoto wake wanakula, wewe na mkeo mnakula hewa? Lakini sheria haitakufuata kwenye benchi. Inuka, nenda kwa afisa utumishi ukadai kurudishwa, na uende na mtu wa chama cha wafanyakazi, kabla muda wa kudai haujapita.

Sasa usilotaka kuambiwa. Barua nzima unamlalamikia shemeji, sikio umelitupia mwishoni. Baba, unachokiogopa ni ile pampu. Unajua ukipewa funguo leo utasimama pale na mlio usiusikie vizuri, na bosi akigundua mwenyewe atakuita mwongo. Mficha uchi hazai! Rudi kwa daktari wa jeshi ukamwambie ukweli. Aliyeumia akilitumikia taifa hutafutiwa kazi anayoiweza, mshahara uleule. Huenda usirudi tena chumba cha mitambo, na funguo zikabaki kwa shemeji. Itakuuma, sikudanganyi.

Ila kabla ya ofisi yoyote, anza nyumbani, leo hii. Mkeo anasemesha sikio lililokufa, na anadhani humtaki tena. Mwambie, halafu mbadilishane upande wa kulala.